Jiwe Linaloona Kabla Yetu

Nyinyi vijana mnaofunga intaneti kwenye nyumba za watu siku hizi, na ngazi zenu za aluminiamu na makoti ya kung'aa, mjue paa hizo mimi nilizipanda kwa kandambili. Sasa magoti yamekataa ngazi. Nimekaa hapa Sultan Hamud, chumba kimoja karibu na reli ya zamani, na baadhi yenu hupita kuniuliza mambo ya kazi. Mnaniuliza kuhusu waya, kuhusu dishi lililopinda, kuhusu dekoda iliyoingiwa na mende. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kuchelewa, na hilo ndilo jambo pekee katika kazi hii lililowahi kunitoa jasho nikiwa kivulini.

Sisemi kuchelewa kwa fundi. Huko kumezoeleka. Nasema kuchelewa kwa picha. Ukimwekea mtu mpira kwa intaneti, unamwonyesha jambo ambalo limeshatokea, naye anadhani linatokea. Ni nusu dakika hivi, pengine pungufu, pengine zaidi. Nilikuwa naona nusu dakika si kitu, mpaka siku ile pale Matiliku nilipokuwa nimeshika rimoti, mama ameketi mbele yangu, mtoto wake yuko kwenye skrini, na watu wa kona ya pili ya mto wameshaona kilichompata.

Nitafika hapo. Lakini lazima mjue tulitoka wapi, maana mtu ambaye hakuwahi kuishi na kebo hawezi kuelewa kwa nini tuliogopa.

Shule niliiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza, ila sikuweza kuketi. Nilipakia mchanga, nikauza makaa, nikawa utingo wa lori la ng'ombe. Halafu siku moja mjini Kitui nikaona mwanamume amefunga kitu kama sufuria kubwa ajabu nyuma ya baiskeli. Nikamfuata kwa sababu nilitaka kujua ni watu wangapi watapikiwa humo. Jina lake lilikuwa Nzioka, fundi wa dishi, na nilimfuata kwa miaka mingi.

Nzioka hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kwamba waya lazima ufanye tumbo kidogo kabla haujaingia ndani ya nyumba, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiende kuoga na dekoda. Alinifundisha kufunga kiungo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana nailoni hukauka na kupasuka kwa jua letu. Na alinifundisha kwamba ukimuuliza mwenye nyumba kama picha ni safi, usisikilize jibu, sikiliza sauti. Mtu akisema "iko sawa" kwa sauti ya chini, haiko sawa. Ameogopa tu kukuambia upande tena juu.

Lakini jambo lililonikaa kichwani zaidi ni lile la mwelekeo. Dishi haliangalii mnara, wala haliangalii mji. Linaangalia mahali patupu angani. Tulikuwa tukifunga moja kule Mutomo, na mzee mwenye boma akasimama nyuma yangu akafuata kidole changu kwa macho.

"Sasa hiyo unaelekezea nani?"

"Kuna kitu huko juu, mzee."

Akakaza macho sana. "Mimi sioni kitu."

"Hata mimi sioni."

"Na huyu wako wa baiskeli?"

"Hata yeye."

"Aka! Na nyote wawili mnalipwa?"

Tulicheka. Ila picha ilipokuja, na watu wakaanza kukimbia kwenye nyasi za kijani ndani ya nyumba yake ya matofali, yule mzee hakuangalia televisheni. Alitoka nje akaangalia tena pale angani palipokuwa hapana kitu. Nilipoondoka bado alikuwa anaangalia.

Baadaye niliachana na Nzioka, si kwa ubaya, ni miguu yangu tu. Nikaja Sultan Hamud nikakuta mwenye duka mmoja ana dishi zuri na dekoda moja, na majirani wote wanamwonea wivu. Tukavuta waya, ndiyo hiyo kebo. Ulitoka kwake ukapita juu ya kinyozi, ukapita juu ya bucha, ukaingia kwenye vyumba vya kupanga, ukavuka barabara ya soko ukiwa umefungwa kwenye mti. Msiniulize mambo ya leseni. Kitu ninachotaka mjue ni hiki: nyumba zote zilikuwa zinaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwenye duka akibadilisha chaneli, mtaa mzima umebadilishiwa. Mama anaangalia kwaya, ghafla anaona ndondi. Alikuwa anatoka nje na mwiko mkononi: "Nani amegusa? Rudisha watu wa Mungu!"

Na bao likiingia, mji ulipiga kelele mara moja, kama mtu mmoja. Hata mbwa walikuwa wamezoea. Ukiwa chooni ulijua, ukiwa kwenye shimo la choo unachimba ulijua.

Kuna mpangaji mmoja alifariki wakati huo, mtu mpole, hakuwa na familia karibu. Chumba chake kikafungwa kwa kufuli, na stima ikakatika kwa sababu hakuna aliyekuwa akinunua tokeni. Wiki kadhaa zikapita. Mwenye nyumba akaweka tokeni akitaka kupaka rangi, kisha akaenda kutafuta brashi. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Wapangaji wakasikia watu maelfu wanaimba ndani ya chumba cha marehemu. Waliimba, wakanyamaza, wakapiga makofi. Hakuna aliyesogelea mlango. Waliniita mimi nikate waya, na nikiwa juu ya paa niliwasikia chini yangu, kupitia bati, uwanja mzima wa watu umefurahi kwenye chumba ambacho hakuna mtu. Nilijua sababu. Televisheni haikuzimwa, stima imerudi, basi. Nilijua, na bado niliukata waya huku nimefumba macho. Kumbukeni hilo mkidhani kwamba kujua sababu kunaondoa kitu.

Basi ikaja intaneti. Kwanza ilikuja kwenye simu za vijana, mmoja mmoja, kioo kidogo kama kipande cha sabuni. Halafu ikaja kwenye skrini kubwa. Wenye kumbi za mpira wakaanza kuniita, si kupandisha dishi, bali kulishusha. Nimeshusha madishi Malili, nimeshusha Matiliku, mengine nimeona kuku wakiwekewa maji humo.

Jumapili moja nilikuwa Kitui kumtembelea Nzioka, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa mzee wa kuketi. Tulikuwa tumeketi nje ya nyumba yake jioni jua likiwa bado lipo, tukasikia kelele za bao kule Kalundu. Halafu kelele zikatoka karibu na stendi. Halafu nyingine nyuma ya soko. Halafu nyumba ya jirani. Ilikuwa kama bao lenyewe linatembea mtaani kwa miguu, linabisha mlango mmoja baada ya mwingine, linatujia.

Nzioka akasema, "Unasikia hiyo? Zamani lilikuwa linaanguka kama mvua. Siku hizi linakuja kama mtu."

Nilijisikia vibaya, na sikujua kwa nini.

Kwa wale ambao hamjui kwa nini iko hivyo, nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi, nikikosea mnisahihishe. Dishi ni kama mfereji: maji yanatoka juu yanafika kwako bila kusimama. Intaneti ni punda wenye mitungi. Picha inakatwa vipande, kila kipande kinapakiwa kwenye punda wake, na punda wengine wanapita njia za mbali. Huwezi kuanza kunywa punda wa kwanza akifika tu, maana wa pili akichelewa utakauka koo. Kwa hivyo ile aplikesheni inasubiri mitungi kadhaa ijae mlangoni, ndipo inakumiminia. Unakunywa maji mazuri, lakini yalichotwa zamani. Na kila nyumba ina punda wake.

Sasa Matiliku.

Kulikuwa na ukumbi wa mwanamume anayeitwa Musembi, mabenchi ya mbao, ukuta wa mabati, skrini kubwa mbele. Nilimshushia dishi nikamfungia intaneti, na kwa kuwa aliogopa ile aplikesheni, alinibakiza niwe naendesha siku za mechi. Mlango wa ukumbi ulielekea mto mkavu, na ng'ambo ya mchanga kulikuwa na jabali refu, jeusi, limesimama wima. Hakuna nyumba hapo. Mbuzi tu.

Jumamosi ya kwanza, tukiwa tunaangalia, mpira umetulia katikati ya uwanja, jabali likapiga nduru. Hivyo ndivyo ilivyosikika. Sauti za watu wengi, zinatoka kwenye jiwe lenyewe.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Ukisikia nduru upande wa mlima, huulizi ni nani, unaacha jembe unaenda. Ukumbi uliondoka wote. Wanaume walichukua vijiti, wengine walichukua viti vya plastiki, mmoja alikuwa na soda. Walidhani ni wezi wa mbuzi. Na wakiwa katikati ya mchanga wa mto, wakikimbia, bao likaingia nyuma yao. Ukumbini tulikuwa tumebaki mimi, Musembi mwenye mguu mbaya, na mama mmoja.

Walipofika jabalini hawakukuta mtu. Mbuzi walikuwa wanatafuna. Walizunguka, wakaita, jiwe likawarudishia majina yao. Walirudi polepole, na walipoambiwa kuhusu bao hakuna aliyesikitika kama kawaida.

Wiki iliyofuata jiwe likapiga kelele tena, na muda mfupi baadaye bao likaingia. Mara ya tatu, watu hawakuangalia skrini. Waliangalia mlango. Jiwe likasema "uuuu", kama watu waliokosa kitu, na baada ya kitambo tukaona mchezaji akipiga juu ya goli. Mtu mmoja aliinuka akaenda nyumbani. Pasta wa karibu akaja, akasimama mlangoni na Biblia kwapani.

"Musembi, hapa kuna sauti inayotabiri."

"Pasta, inatabiri mpira tu."

"Leo mpira. Kesho?"

Mabenchi yakaanza kubaki wazi. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia kile kitu, kwa hivyo siku ya mechi nilimwachia rimoti, nikavuka mto na simu yangu ikionyesha mechi ileile, nikaegemeza mgongo kwenye jabali. Lilikuwa na joto la jua. Kelele zilipokuja hazikutoka kwenye jiwe. Ziliingia kutoka kushoto, zikagonga jiwe, zikarudi kwa upande wa ukumbi. Nikafuata mto mpaka nyuma ya kona.

Huko kulikuwa na soko dogo, na kibanda kilichokuwa wazi upande mmoja, kimejaa watu. Cha Abdi. Abdi ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki, amekaa kwetu miaka hadi anakasirika kwa Kikamba. Alikuwa na dishi la zamani juu ya paa. Niliangalia kiungo chake. Tyubu ya baiskeli. Nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe.

"Abdi, wewe ndiwe pepo wa Matiliku."

"Mimi?" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Fundi, kaa chini unywe chai. Unasema huko kwenu mnaona nyuma?"

"Tunaona nusu dakika nyuma."

"Walahi mnalipa pesa mnapewa mpira uliolala! Mimi hata wali uliolala sili."

Nilirudi nikawaeleza watu wa ukumbi. Nilichora chini kwa kijiti: Abdi hapa, jiwe hapa, sisi hapa. Walielewa. Pasta alielewa, hata akacheka. Watu wakarudi kwenye mabenchi. Lakini nilivyosema pale mwanzo kuhusu chumba cha marehemu, ndivyo ilivyokuwa. Ikiwa ni penalti, ukumbi wote uligeuza shingo kuangalia mlangoni, na skrini ikabaki ikiangaza migongo ya watu. Wanaume wazima, kimya, wanangoja jiwe liwaambie.

Mtu mmoja tu hakugeuka. Yule mama aliyebaki ukumbini siku ya nduru. Mama Kyalo.

Kyalo ni mtoto wake wa pekee, golikipa. Amelelewa hapo Matiliku, amecheza kwenye viwanja vyetu vya vumbi, akachukuliwa na timu moja ya nchi za kusini. Mechi zake zilikuwa zinaonyeshwa mchana wa Jumamosi. Mama yake alikuja kila moja, akaketi kiti cha mbele ambacho wanaume walimwachia bila kuambiwa. Ukumbi mzima ulikuwa unajua kwa nini. Kyalo akiwa sekondari alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu, moyo ukamchezea. Alipimwa, akatibiwa, madaktari wakamruhusu. Madaktari waliridhika. Mama hakuridhika. Aliniambia mara moja, akiwa haangalii uso wangu, "Mambo ya mabao mtajua nyinyi. Mimi nakuja kuhesabu kama anapumua."

Na alikuwa ananiambia kila mara, "Fundi, ongeza sauti. Sitaki kusikia hilo jiwe. Mambo ya mtoto wangu nitayaona yakifika."

Nilikuwa naongeza.

Siku ninayoisema, ukumbi ulijaa. Kibanda cha Abdi nacho kilijaa, maana Kyalo ni wa huko pia, ni wa bonde lote. Tangu mwanzo jiwe lilikuwa linanguruma chini chini, hata sauti ya skrini haikulifunika, mngurumo wa watu walio na furaha. Tulikuwa tumeuzoea kama unavyozoea friji. Kipindi cha pili, timu ya Kyalo inaongoza. Yeye alikuwa amedaka mpira, ameutuma mbele, amerudi kwenye mstari wake.

Jiwe likanyamaza.

Halikupungua polepole. Lilikatika. Nimewaambia tulikuwa tumezoea kulisikia likipiga kelele, lakini hatukuwahi kulisikia likinyamaza. Ukumbi mzima uligeuka. Kisha sauti moja ikaja, ya mwanamke, nduru ndefu, peke yake.

Kwenye skrini hakukuwa na kitu. Mpira ulikuwa mbali kabisa, kwenye goli la wale wengine. Hakuna bao, hakuna penalti, hakuna kadi. Kamera ikamwonyesha Kyalo kidogo, amesimama, amenyoosha mikono akiwapanga mabeki wake, mdomo wazi anawaita.

Mama Kyalo hakugeuka mlangoni. Alinigeukia mimi.

"Fundi. Huko wameona nini?"

Mpira uko mbali, wachezaji wote wako mbali, na huko kwa Abdi mwanamke amepiga nduru. Ni nani mwingine kwenye uwanja ule anayeliliwa Matiliku?

Musembi akaniinamia sikioni. "Zima. Sema stima zimepotea. Haraka."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilikuwa na hesabu kichwani, punda waliobaki njiani, nikajua ni wachache.

"Usizime," mama akasema. "Nimeona watoto kwa simu wakisimamisha picha. Hii yenu inasimama?"

"Inasimama, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba.

"Isimamishe."

Nikabonyeza. Kyalo akabaki pale, mikono wazi, mdomo wazi, amesimama kwa miguu yake miwili.

Sijawahi kuwa ndani ya ukumbi wa mpira uliojaa namna ile ukiwa kimya namna ile. Kitu kama hicho hakikuwezekana siku za kebo. Kebo ilikuwa inakuletea jambo likufikie upende usipende. Sasa tulikuwa tumelishika jambo mlangoni, na nilikuwa naliona kabisa likiwa nje linasubiri kuingia. Inzi alitua kwenye skrini akatembea kutoka bega la Kyalo mpaka shavuni. Hakuna aliyeinuka kumfukuza.

Simu zikaanza kutikisika mifukoni.

"Mtu asifungue simu yake," mama akasema. "Nawaomba, watoto wangu."

Wale vijana, wale wenye kelele, wenye kutukanana kwa ajili ya timu, wakazitoa moja moja wakazilaza kifudifudi kwenye mabenchi. Zikawa zinanguruma juu ya mbao kama mavu. Hakuna aliyezigusa.

Halafu yangu ikalia. Nikaangalia jina.

"Ni nani?"

"Ni Abdi."

Akafumba macho kidogo. "Shika."

Nikashika. Abdi alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia. "Fundi, huyo mama yuko hapo? Mtoe. Mtoe nje. Kijana ameanguka, hakuna mtu amemgusa, ameanguka tu. Wamemzunguka. Wachezaji wamesimama mduara wamempa mgongo. Mtoe."

Nilikuwa nimesimama hapo, sikio langu moja limo ndani ya uwanja ambao Kyalo yuko chini, na macho yangu mawili yako kwenye uwanja ambao Kyalo amesimama. Nilihisi kama mtu aliyeweka mguu mmoja kila ukingo wa mto na kingo zinaachana.

Mama akanyoosha mkono. "Nipe."

"Mwaitu..."

"Nipe simu."

Nikampa. Akaiweka sikioni, macho yake bado yako kwenye skrini, kwa mtoto wake aliyesimama.

"Abdi, ni mimi. Niambie kile unaona. Usiongeze na usipunguze."

Sikusikia alichoambiwa. Nilisikia yake tu.

"Eeh... Eeh... Wangapi? ... Wanambonyeza kifua?" Akashika ukingo wa kiti kwa mkono mwingine. "Endelea kuniambia. Hata kama ni kilekile, niambie kilekile."

Musembi alikuwa ameketi chini kwenye udongo. Mzee mmoja wa nyuma alivua kofia, halafu ni kama alijishtukia, akairudisha kichwani haraka, asionekane ameivua kwa ajili ya nini. Nje, mwanamke alipita na punda akitusalimu, akashangaa hakuna aliyejibu, akaenda zake.

"Eeh," mama akasema. "Bado? ... Eeh."

Sijui ilikuwa muda gani. Msinitake niseme.

Kisha mgongo wake ukanyooka.

"Rudia. ... Ameinua nini? ... Mkono upi? Abdi, mkono upi? Angalia vizuri, usinifurahishe!" Akasikiliza. "Wa kushoto." Akatugeukia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa umelowa wote, sikuwa nimemwona akilia. "Ameinua wa kushoto. Anaongea na daktari. Ni yeye, yule hutumia kushoto tangu aanze kushika kijiko."

Hakuna aliyeshangilia. Nadhani tuliogopa. Kwa sababu kule mbele, kwenye skrini juu ya kichwa cha mama, Kyalo alikuwa bado hajaanguka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anawaita mabeki wake, hajui kitu.

Mama akaendelea kumsikiliza Abdi. Wamemweka kwenye machela. Amemshika mwenzake mkono. Wanampeleka hospitali lakini anaongea. Watu wanampigia makofi. Hapo ndipo aliporudisha simu, akajifuta kwa kanga, akaweka mikono magotini.

Mimi nikaona nimsaidie. Ile aplikesheni ina alama pale chini, ukiibonyeza inaruka yote mliyoyaacha inakupeleka moja kwa moja pale wengine wamefika.

"Mwaitu, naweza kuruka. Tufike tu pale anapopigiwa makofi. Hutaona ile sehemu ingine."

Akatikisa kichwa.

"Hapo alipita peke yake. Usiruke." Akavuta kiti chake mbele kidogo, karibu na skrini. "Haya, fundi. Sasa mwache aanguke."

Nikabonyeza.